Kuuza Nyumba Si Notisi ya Kuhama

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo hapa Lamu limekuwa la kila msimu, nalo ni wapangaji kuambiwa wahame kwa sababu mwenye nyumba amepata mnunuzi. Sina ugomvi na kuuza. Nyumba ni mali ya mwenyewe, na Katiba katika kifungu cha 40 inailinda haki yake hiyo. Ugomvi wangu ni na imani iliyoenea kutoka Mkomani hadi Langoni, na Malindi vilevile, kwamba siku mwenye nyumba anapopokea arubuni, yaani malipo ya awali ya mnunuzi, ndiyo siku upangaji unapokufa, na kwamba yeyote anayebaki ndani baada ya hapo anakaa kwa hisani tu. Sheria haisemi hivyo, dini haisemi hivyo, na hata hesabu ya biashara ya muuzaji mwenyewe, akiitazama kwa makini, haimwambii hivyo.

Nilifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakili kabla ya kustaafu, na hadi leo majirani huniletea karatasi zao niwasomee. Mimi si wakili, na mwenye kesi amtafute wakili. Lakini mengi ninayoletewa hayakuhitaji kufika kwenye kesi kama pande zote mbili zingejua mambo machache tangu mwanzo.

Kwa kawaida mpangaji hapati habari ya mauzo kutoka kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko Mombasa, au Nairobi, au ng'ambo ya bahari, na kwa miaka mingi mawasiliano yao yamekuwa ni kodi inayotumwa kwa M-Pesa kila mwanzo wa mwezi na salamu za Idi. Hodi inabishwa, dalali yuko dakani na wageni, wanaomba kuziona zidaka za ukutani, kupanda darini, kuchungulia kisima na kupiga picha boriti. Mama wa nyumba, kwa adabu aliyolelewa nayo, huwakaribisha na pengine huwapa maji ya kunywa bila kujua kwamba anawakaribisha kwenye mnada wa makao yake. Wageni wakishaondoka, dalali hurudi na kumnong'oneza kwamba nyumba imeshapata mtu na aanze kuulizia pengine. Baada ya muda huja ujumbe wa simu wa maneno machache: nyumba imeuzwa, tafadhali hameni kufikia mwisho wa mwezi. Huo ndio unaoitwa notisi katika mji wetu, na wengi huutii kwa sababu umetoka kwa mwenye mali.

Sasa tutazame sheria yenyewe. Wengi wetu hatuna mkataba wa maandishi. Tulipewa funguo, tukalipa mwezi mmoja na amana ya mwezi mwingine, tukaingia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haimwachi mtu kama huyu hewani. Kifungu chake cha 57 kinasema kwamba mwenye mali akimruhusu mtu kukaa peke yake katika nyumba kwa kodi, bila mapatano ya maandishi, ukaaji huo unahesabiwa kuwa upangaji wa kipindi, na kipindi chenyewe ni kile ambacho kodi inalipiwa: wiki kwa anayelipa kwa wiki, mwezi kwa anayelipa kwa mwezi, mwaka kwa anayelipa kwa mwaka. Upangaji huo unaweza kuvunjwa na upande wowote kwa notisi, lakini notisi isiwe fupi kuliko kipindi cha upangaji, na ni lazima iishie siku ambayo kodi hulipwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na mifano yake ni rahisi. Tuseme kodi yako hulipwa tarehe 1 ya kila mwezi, na notisi imekufikia tarehe 12 Machi. Haiwezi kuishia tarehe 1 Aprili, kwa kuwa hapo hakujatimia mwezi. Haiwezi kuishia tarehe 12 Aprili, kwa kuwa hiyo si siku ya kodi. Siku ya kwanza ambayo notisi hiyo inaweza kuishia kwa haki ni tarehe 1 Mei. Ujumbe wa simu uliotumwa tarehe 12 Machi ukitaka nyumba iwe tupu tarehe 31 haujatimiza hata nusu ya kinachotakiwa. Nao wale wanaolipa kodi ya mwaka mzima, na hapa Lamu wako, hasa kwa nyumba ambazo mwenyewe huja mara moja kwa mwaka, wana notisi ya mwaka, jambo ambalo huwashangaza wenye nyumba kila ninapolitaja. Aliyelipa miezi sita mbele kwa sababu tu mwenye nyumba alihitaji fedha za harusi, ilhali kodi yake inahesabiwa kwa mwezi, asiharakishe kudai notisi ya miezi sita. Fedha alizotanguliza zinabaki kuwa zake kwa miezi ambayo hajaikaa, lakini kipindi cha upangaji ni jambo la kuthibitishwa kwa mapatano yao na risiti zao.

Mwenye mkataba wa maandishi wa muda maalumu ana nguvu zaidi, mradi asome alichotia sahihi. Ikiwa mkataba ni wa mwaka mmoja au miwili na hauna ibara inayomruhusu mwenye nyumba kuuvunja katikati kwa sababu ya mauzo, basi mauzo peke yake hayauvunji. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 28, inaitaja mikataba ya kupanga isiyozidi miaka miwili, pamoja na upangaji wa kipindi, miongoni mwa maslahi yanayomfunga mnunuzi hata kama hayakuandikwa kwenye sajili ya ardhi. Kwa hiyo anayenunua nyumba yenye mpangaji wa aina hiyo ananunua nyumba pamoja na upangaji wake: anachukua nafasi ya mwenye nyumba wa zamani, anapokea kodi kuanzia hapo, na akitaka mpangaji aondoke anaanza notisi upya au anasubiri muda umalizike. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi kinaongeza kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kusumbuliwa na mwenye nyumba, wala na mtu yeyote anayedai haki kupitia kwake. Mnunuzi ni mtu wa namna hiyo hasa.

Lakini nionye hapa kuhusu mikataba ya miaka mitatu, minne au mitano ambayo watu huandikiana kwenye karatasi, wakatia sahihi mbele ya mashahidi na kuifungia sandukuni. Muda ukipita miaka miwili, upangaji unaingia katika kundi la ukodishaji unaopaswa kusajiliwa. Usiposajiliwa, kati yenu wawili unaweza kubaki kuwa mapatano, lakini haumfungi mnunuzi kwa nguvu ile ile, na mtu aliyetumia akiba yake kukarabati nyumba ya mawe kwa kutegemea miaka mitano anaweza kujikuta anamdai mwenye nyumba wa zamani fidia badala ya kuendelea kukaa.

Kwa kuwa mji wetu ni wa Waislamu kwa wingi, na nimewasikia watu wazima wakidai barazani kwamba katika dini mauzo huvunja ijara, yaani mapatano ya kupanga, niseme hilo pia. Madhehebu ya Shafii tunayoyafuata huku pwani, kwa kauli iliyo na nguvu zaidi, yanakubali kuuzwa kwa kitu kilichokodishwa na yanasema kwamba ijara haivunjiki. Mnunuzi huingia na kusubiri muda wa mpangaji uishe. Na aya ya kwanza ya Sura Al-Maida inaanza kwa kuwaamuru waumini watimize mikataba. Kinyume chake nacho ni kweli, na kuna wapangaji watakaokichukia: mpangaji hana shufaa. Haki ya kutangulizwa katika kununua, kwa Shafii, ni ya mshirika katika umiliki tu. Hata jirani hana, seuze mpangaji. Kwa hiyo aliyekaa miaka 20 katika nyumba hawezi kumlazimisha mwenyewe amuuzie yeye kabla ya wengine. Anaweza kuomba tu, na mwenye nyumba muungwana atamsikiliza, kwa maana mpangaji wa muda mrefu huijua dari inayovuja kuliko mnunuzi yeyote.

Maduka nitayapitia kwa ufupi. Mwenye duka au hoteli ya chakula pale Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wetu, asidhani kanuni zake ni zile za nyumba ya kuishi. Ana sheria yake, Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayomlinda asiye na mkataba wa maandishi na mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Notisi yake ni ya fomu maalumu na isiyopungua miezi miwili, sababu za kumwondoa zimeorodheshwa katika kifungu cha 7, na kutaka kuuza hakumo katika orodha hiyo. Asiyekubaliana na notisi humjibu mwenye nyumba kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja na kupeleka shauri lake kwenye baraza la kodi za biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika. Akinyamaza, amejipoteza mwenyewe. Ipo pia Sura ya 296 kwa nyumba za kuishi za kodi ya chini, ambayo haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya baraza la kodi, lakini kiwango chake ni kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kiwango hicho kimekaa bila kuguswa huku kodi zikipanda mwaka baada ya mwaka. Mswada wa mwaka 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria hizi na kuzisasisha. Wabunge wetu wa Pwani wangefanya vyema kulisukuma jambo hilo kwa nguvu wanayotumia kwenye mambo mengine.

Turudi kwa muuzaji, kwa kuwa naye ana lake la kujua. Bei za nyumba zimebadilika tangu Mji wa Kale wa Lamu uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tena tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021. Mwenye nyumba anayetaka kuuza hupiga hesabu kwa uangalifu: anajua kwamba faida ya mauzo itatozwa kodi ya asilimia 15, kiwango kilichoanza Januari 2023, anajua kwamba mnunuzi atalipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ndani ya manispaa, anajua ada ya wakili na fungu la dalali. Asiyehesabiwa ni mtu aliyemo ndani. Mapatano ya mauzo huandikwa kwa desturi ya mawakili wetu, arubuni ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha, na ndani yake muuzaji huahidi kukabidhi nyumba ikiwa tupu. Anatia sahihi ahadi hiyo bila kumwuliza mpangaji, kisha siku zikianza kuyoyoma anamgeuzia mpangaji hasira. Lakini aliyevunja ahadi si mpangaji. Mpangaji hakuahidi chochote kwa mnunuzi. Iwapo nyumba haijawa tupu siku ya makabidhiano kwa sababu notisi halali bado haijaisha, anayeweza kudaiwa na mnunuzi ni muuzaji mwenyewe, naye ndiye atakayeiona arubuni yake ikiwa mashakani.

Njia mbili ziko wazi kwake. Ama atoe notisi sahihi kwanza, aihesabu siku zake, ndipo aahidi nyumba tupu. Ama auze nyumba ikiwa na mpangaji, amwambie mnunuzi ukweli huo katika mapatano, na amwonyeshe risiti za kodi. Wanunuzi wa kigeni, ambao watu hupenda kuwalaumu kwa kila jambo, mara nyingi hawana haraka ya kuingia. Wengine hukaa mwezi mmoja au miwili wakati wa kaskazi, na mwaka uliobaki nyumba hufungwa, chumvi ikala mbao na popo wakajaa darini. Mpangaji mwaminifu kwao ni faida. Nao, kwa njia, wakumbuke kwamba kifungu cha 65 cha Katiba hakimpi asiye raia milki ya kudumu, bali ukodishaji usiozidi miaka 99; ni wapangaji kama sisi, ila kipindi chao ni kirefu.

Sitaki barua hii isomwe kama ya kuwatetea wapangaji kwa kila wafanyalo. Wako wanaosikia habari ya kuuzwa nyumba na papo hapo wakaacha kulipa kodi, wakisema hawajui tena ni nani mwenyewe. Hilo ni kosa. Kodi inadaiwa hadi siku ya kukabidhi funguo, na aliyeacha kulipa amempa mwenye nyumba sababu ambayo awali hakuwa nayo. Hadi upate barua ya maandishi, iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba wa zamani, ikikuelekeza umlipe mpya, endelea kumlipa yule yule kwa namba ile ile na utunze ujumbe wa malipo. Wako pia wanaopewa notisi ya haki, muda ukaisha, nao wakabaki wakidai walipwe kiasi kikubwa ndipo watoke. Mwenye nyumba akiamua mwenyewe kumsaidia mpangaji gharama ya kuhama ili mauzo yaende haraka, hayo ni mapatano mema kati ya watu wazima na yaandikwe. Lakini kumshika mtu koo kwa nyumba yake si haki ya mpangaji, na sifahamu kifungu kinachoiruhusu tabia hiyo. Isitoshe, notisi ni ya pande mbili. Mpangaji anayehama usiku kwa sababu amepata chumba kingine, bila kusema neno, naye ameivunja sheria ile ile anayotaka imlinde.

Jambo linalotusumbua Lamu kuliko mahali pengi ni la mirathi, na hapa naomba nikae kidogo. Nyumba nyingi za mawe si za mtu mmoja. Ni za marehemu babu, na warithi wake wametawanyika, huyu Mombasa, yule Dubai, mwingine hajulikani yuko wapi. Mmoja wao, aghalabu yule anayepokea kodi, huamua kuuza na kumpa mpangaji notisi. Mpangaji afanye nini? Sheria ya Urithi, Sura ya 160, katika kifungu cha 45 inafanya kuwa kosa kwa mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na katika kifungu cha 55 inazuia mali isigawanywe kabla idhini hiyo haijathibitishwa na mahakama. Kwa Waislamu mafungu ya warithi ni ya sharia, na Kadhi ana mamlaka yake, lakini kuwa na fungu katika nyumba hakumpi mrithi mmoja uwezo wa kuiuza nyumba nzima. Kwa hiyo mpangaji aliyepewa notisi na mrithi mmoja ana haki ya kuuliza kwa adabu aone idhini ya usimamizi wa mirathi. Haulizi kwa ujeuri. Anauliza ili kodi na funguo zisije zikaangukia mikononi mwa asiyestahili, akadaiwa tena na ndugu wengine. Nimeona kodi ya nyumba moja ikidaiwa na ndugu wawili kwa mwezi mmoja, kila mmoja akiwa na dalali wake. Na ikiwa nyumba ni ya wakfu, mazungumzo ya mauzo yanapaswa kukoma hapo hapo, kwa kuwa mali iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Suala linalobaki ni la mpangaji na wasimamizi wa wakfu.

Kisha kuna mabavu. Kung'oa mlango, kukata maji, kumlipa fundi ashushe sehemu ya paa kwa kisingizio cha ukarabati, kubadilisha kufuli watoto wakiwa madrasa: yote haya yamefanyika katika miji ya Pwani na yote ni makosa, hata kama notisi ilikuwa sahihi na muda wake umekwisha. Mpangaji asiyetoka baada ya notisi halali hutolewa kwa amri ya mahakama. Mahakama ya hakimu ipo hapa hapa Lamu, na Malindi kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mzee wa mtaa na chifu wanaweza kuwakalisha watu na kuwapatanisha, na mara nyingi hufaulu, lakini hawana uwezo wa kumtoa mtu nyumbani, wala askari hana, bila amri hiyo. Na anayeinunua nyumba ya Mji wa Kale akidhani atalibomoa tatizo pamoja na ukuta ajue kwamba katika eneo la urithi huwezi kubomoa au kubadilisha nyumba unavyotaka bila kibali cha wahusika, wakiwamo Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kuhusu amana, ambayo wengi huiita dipoziti, ugomvi ni wa kila mauzo. Mwenye nyumba wa zamani husema amemwachia mnunuzi. Mnunuzi husema hakupewa kitu. Dawa yake ni sentensi moja katika mapatano ya mauzo ikitaja kiasi cha amana ya mpangaji na nani ataishika baada ya mauzo, na nakala ya sentensi hiyo impate mpangaji. Mawakili wa muuzaji na mnunuzi huandika kurasa juu ya feni na matangi ya maji yatakayobaki. Haiwashindi kuongeza mstari huu. Ikishindikana, mpangaji anaweza kudai fedha zake katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na ambayo mtu anaweza kuisimamia bila wakili, akiwa na ujumbe wake wa M-Pesa na risiti zake.

Baada ya hayo yote, nakiri kwamba hata notisi iliyo sahihi kisheria ni fupi mno kwa mahali kama petu. Kwa anayelipa kodi kwa mwezi, sheria imeweka kiwango cha chini cha mwezi, na huenda katika jiji kubwa lenye vyumba vya kupanga kila kona mwezi unatosha. Hapa nyumba za kupanga ndani ya mji ni chache, nyingine nyingi zimegeuzwa za wageni wa kulala siku chache, na anayekosa Mkomani hupelekwa Gadeni au Kashmir, na akikosa huko huvuka maji hadi Mokowe, akawa anapanda boti kila asubuhi kuja kazini. Mwenye watoto shuleni akihamishwa katikati ya muhula analipia kuhama kwake mara mbili, kwa mkokoteni na kwa masomo ya mtoto. Sheria hainyimi watu nafasi ya kukubaliana muda mrefu zaidi. Napendekeza basi kwamba kila mkataba mpya unaoandikwa hapa mjini, hata ule wa ukurasa mmoja, uwe na ibara ya mauzo yenye mambo haya: mwenye nyumba akiamua kuuza atamwambia mpangaji kwa maandishi kabla ya kumpa dalali funguo, notisi itakuwa miezi mitatu, na ikiwezekana iishie wakati wa likizo ya shule, wanaokuja kuiona nyumba watakuja kwa siku na saa zilizokubaliwa, wala si wakati wa chakula cha mchana au jioni ya kufuturu, na mpangaji ataambiwa bei sawa na wengine, ili akiweza anunue. Hili la mwisho, kama nilivyosema, si haki yake kisheria wala kidini, ila litakuwa haki yake kwa mkataba likiandikwa.

Wenye nyumba watauliza wanapata nini kwa kukubali miezi mitatu. Wanapata mpangaji anayelipa hadi mwisho, anayefungua mlango kwa wanunuzi bila kununa, na asiyewapeleka mahakamani wakati siku 90 za mapatano zinakimbia. Miezi mitatu na siku 90, tazama, ni muda ule ule; notisi ikitolewa siku mapatano yanapotiwa sahihi, vyote viwili vinamalizika karibu pamoja.

Kwa wale ambao wameshapewa notisi na wanahama mwezi huu au ujao, nina la kutenda tu. Iandikeni barua fupi ya kukiri kwamba mmepokea notisi na mtaondoka tarehe fulani, mbaki na nakala. Siku ya kukabidhi, mwenye nyumba au mtu wake awepo. Piteni pamoja chumba kwa chumba, mpige picha kuta, milango na choo. Someni mita ya maji na ya umeme mkaandika nambari. Andikeni deni lililobaki au kwamba hakuna, na amana italipwa lini na nani. Mtie sahihi nyote wawili pamoja na shahidi mmoja. Kisha ndipo mtoe funguo, si kabla.

Wenu,
Karani mstaafu na mpangaji,
Langoni, Lamu.